Katharine Cook (1863–1938): Muuguzi Aliyewalea Wakunga Vijana wa Uganda

Kitabu cha Kutoka kinawataja wanawake wawili, Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania waliomcha Mungu kuliko walivyomwogopa Farao, wakawahifadhi hai watoto ambao mfalme alikuwa ameamuru wauawe. Ni jambo la kutafakari kwamba Maandiko hayakulitaja jina la Farao yule, lakini majina ya wakunga hao yamehifadhiwa hadi leo. Kazi ya kumpokea mtoto anapoingia duniani, na kumtunza mama yake asipotee katika saa ile ya hatari, ni kazi ambayo Mungu mwenyewe aliiheshimu.

Wenyeji wa Mbulu na Hanang wanaijua thamani ya kazi hiyo. Kabla ya Misheni ya Kilutheri ya Norwei kufungua hospitali ya Haydom mwaka 1955, mama mjamzito aliyepata shida katika nchi hii pana hakuwa na msaada wa karibu zaidi ya ule wa kina mama wenzake. Leo wapo mabinti wengi wa sharika za Dayosisi ya Mbulu waliosomea uuguzi na ukunga, na watu wamezoea kuwaona wakihudumu katika zahanati za vijiji. Lakini liliwahi kuwako kizazi katika Afrika ya Mashariki ambacho jambo hilo lilikionekea kuwa la ajabu, hata la aibu: kwamba msichana ambaye hajaolewa aingie katika chumba cha mama anayejifungua. Katika kumbukumbu hii ya miaka mia moja, inafaa kusimulia maisha ya mwanamke mmoja aliyefanya kazi kwa miongo minne ili milango hiyo ifunguke. Hakuwa Mlutheri, bali Mwanglikana, na hakufanya kazi Tanzania, bali nchi jirani ya Uganda. Hata hivyo njia aliyoipasua ndiyo ambayo vijana wengi wa Afrika ya Mashariki wameipita baada yake.

Maandalizi na wito

Katharine Timpson alizaliwa Uingereza mwaka 1863. Alisomea uuguzi katika hospitali ya Guy's jijini London, wakati ambapo uuguzi ulikuwa umeanza kuheshimiwa kama kazi ya watu waliofundishwa. Miaka michache tu kabla ya kuzaliwa kwake, Florence Nightingale alikuwa amerudi kutoka vita vya Krimea na kuanzisha shule ya wauguzi London mwaka 1860. Nightingale naye alikuwa amepata sehemu ya mafunzo yake mwaka 1851 huko Kaiserswerth, Ujerumani, katika nyumba ya madiakonisa iliyoanzishwa na Mchungaji Theodor Fliedner. Kwa hiyo hata katika mkondo huo wa uuguzi wa Kiingereza yalikuwamo maji kutoka chemchemi ya udiakonia wa Kanisa la Kiinjili la Ujerumani.

Mwaka 1896 Katharine, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu hivi, alitumwa Uganda na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS. Wanawake wa kwanza wa misheni hiyo walikuwa wamefika Uganda mwaka mmoja tu kabla yake, mwaka 1895. Katika msafara wake alikuwamo daktari kijana, Albert Cook, aliyezaliwa mwaka 1870.

Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imeanza kujengwa mwaka ule ule, na haikufika ziwani hadi mwaka 1901. Basi wamisionari wale walikwenda kwa miguu na wapagazi wao, wakipita nyika, milima na mito, safari ya miezi kadhaa. Mwezi Februari 1897 walifika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda.

Hospitali ya matete

Kazi ilianza mwaka huo huo wa 1897 katika kilima cha Namirembe, kwanza kwa kutoa dawa kwa wagonjwa waliokuja na kurudi makwao, kisha kwa hospitali ndogo iliyojengwa kwa miti, matete na nyasi. Katharine ndiye aliyekuwa matroni. Hapakuwa na muuguzi wa Kiafrika aliyefundishwa kwa namna hiyo, wala kitabu cha kufundishia katika lugha ya watu. Muuguzi alipaswa kuwafundisha wasaidizi wake neno kwa neno na tendo kwa tendo: kuchemsha vyombo, kunawa mikono, kufunga kidonda, kukesha na mgonjwa wa homa.

Nao mwaka ule wa kwanza haukuwa wa amani. Kabaka Mwanga aliasi mwezi Julai, na mwanawe Daudi Chwa, mtoto ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka miwili, akawekwa kuwa Kabaka. Kisha askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia serikali nao wakaasi, na Dkt. Cook akaitwa kwenda Busoga kuwatibu majeruhi. George Pilkington, mmisionari aliyefanya kazi kubwa ya kuitafsiri Biblia kwa Kiganda, aliuawa katika mapigano hayo mwezi Desemba.

Mwaka 1900 Katharine na Albert Cook walifunga ndoa, na tangu hapo kazi zao haziwezi kusimuliwa kwa kutenganishwa. Mwezi Novemba 1902 radi iliipiga hospitali yao, ikateketea. Wengi wangeona kwamba mwisho umefika, lakini Wakristo wa Buganda walisaidia, na hospitali ikajengwa upya kwa matofali. Katika miaka hiyo hiyo ulizuka ugonjwa wa malale kandokando ya ziwa. Dkt. Cook na ndugu yake, Dkt. Jack Cook, walikuwa miongoni mwa waliougundua Uganda mwaka 1901. Ugonjwa huo uliua watu zaidi ya laki mbili, na visiwa na vijiji vizima vya pwani ya ziwa vikabaki bila watu. Wauguzi wa Mengo waliwatunza wagonjwa ambao wakati huo hapakuwa na dawa ya kuwaponya.

Katharine aliendelea kuwa matroni hadi mwaka 1911. Kama maisha yake yangeishia hapo, angekumbukwa kuwa muuguzi mwaminifu kama wengine wengi. Kazi iliyomfanya akumbukwe kwa namna ya pekee ilikuja baadaye, alipokuwa amevuka umri wa miaka hamsini.

Swali la nani atakwenda vijijini

Hospitali ya Mengo ilikuwa kilimani, lakini akina mama walijifungua vijijini. Mama aliyepata shida alifika hospitalini, kama alifika, akiwa amechoka siku mbili au tatu njiani. Watoto wachanga wengi walikufa katika siku za kwanza, mara nyingi kwa sababu ambazo zingeweza kuzuilika. Kitovu kilichokatwa kwa chombo kisicho safi huleta pepopunda, na mama asiyetunzwa vizuri baada ya kujifungua hupata homa ya uzazi. Mambo hayo hayahitaji daktari mkubwa. Yanahitaji mikono safi na akili iliyofundishwa, na zaidi ya yote mtu aliye karibu.

Katharine aliona kwamba wauguzi kutoka Ulaya hawatatosha kamwe, na hata wangetosha, wasingeweza kukaa katika kila kijiji. Waliopaswa kwenda ni mabinti wa nchi yenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Mengo ilipokea majeruhi wa vita vilivyopiganwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na vijana wa Kiganda waliosoma shule za misheni walifundishwa kuwa wasaidizi wa tiba jeshini. Ikiwa vijana wa kiume waliweza, hapakuwa na sababu ya vijana wa kike kushindwa.

Lakini kikwazo kilikuwa kikubwa. Katika desturi ya Waganda, kama ilivyo katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki, kuzalisha ilikuwa kazi ya wanawake wazee waliokwisha kuzaa wenyewe. Msichana ambaye hajaolewa hakupaswa kuyaona mambo hayo. Wazazi waliona kwamba kumpeleka binti yao katika shule ya ukunga ni kumharibia heshima na kumpunguzia nafasi ya kuolewa. Wanawake wazee nao hawakuona ni kwa jinsi gani mtoto wa juzi atawafundisha kazi waliyoifanya maisha yao yote.

Shule ya wakunga

Baada ya vita mafunzo ya wakunga yalianza Mengo, na kufikia mwaka 1921 shule ilikuwa na jengo lake, ikiitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa Robert Coryndon aliyekuwa Gavana wa Uganda kuanzia 1918 hadi 1922. Katharine Cook ndiye aliyekuwa roho ya shule hiyo.

Alitafuta wasichana waliojua kusoma na kuandika na waliokuwa na sifa njema katika makanisa yao. Baadhi walitoka katika shule za misheni kama ile ya Gayaza, iliyoanzishwa mwaka 1905. Walikaa bwenini chini ya uangalizi mkali. Saa za ibada zilijulikana, na saa za darasa, za wodi na za usafi vilevile. Ukali huo ulikuwa na sababu. Katharine alijua kwamba macho ya nchi nzima yako juu ya mabinti hao. Mmoja wao akianguka, wazazi wangefunga milango kwa wote waliokuwa wakija nyuma.

Yeye na mumewe waliandika kwa Kiganda kitabu cha kufundishia ukunga, ili wasichana wasome kazi yao katika lugha waliyozaliwa nayo. Hilo si jambo dogo. Anayejifunza kwa lugha ya mama anaweza kumweleza mama mwingine, na mama huyo akamweleza jirani yake. Elimu iliyofungiwa katika lugha ya wageni haifiki jikoni.

Wasichana waliomaliza walifanya mitihani na kupewa vyeti, kisha wakatumwa kwenye vituo vya uzazi vilivyofunguliwa vijijini. Hapo ndipo ilipo picha ambayo msomaji anapaswa kuiona vizuri. Msichana wa miaka ishirini hivi, mwenye mfuko wa vifaa na cheti, anafika katika kijiji ambacho hakuzaliwa. Hana daktari wa kumwita wala simu ya kuuliza. Usiku anagongewa mlango. Anaingia katika nyumba yenye wanawake wazee wanaomtazama kwa mashaka, na uhai wa watu wawili uko mikononi mwake. Akishindwa, si yeye peke yake atakayelaumiwa, bali shule na Kanisa lililomtuma. Akifaulu, kesho yake mama mwingine atakuja mwenyewe.

Katharine hakuwaacha peke yao. Alikuwa msimamizi wa vituo hivyo na alivitembelea, akikagua usafi na vitabu vya kumbukumbu, akisikiliza matatizo. Malezi kwake hayakwisha siku ya kupewa cheti. Kidogo kidogo vituo viliongezeka, na kina mama waliokuwa wakiogopa walianza kuja. Lile lililokuwa aibu likawa heshima: mkunga aliyefundishwa akawa mtu wa kusalimiwa kwa adabu njiani, na wazazi wakaanza kuwaleta mabinti zao shuleni kwa hiari.

Mapungufu yasiyofichwa

Historia ya Kanisa haina faida ikiwa inasimulia mazuri tu, na maisha ya Katharine Cook yana upande ambao Wakristo wa leo wanapaswa kujifunza kwao.

Shule ya wakunga ilizaliwa ndani ya kampeni kubwa dhidi ya kaswende. Mwaka 1907 daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, alifika Uganda na kutoa taarifa kwamba sehemu kubwa kabisa ya watu walikuwa wameambukizwa. Akina Cook waliikubali picha hiyo, na waliona kwamba kiini cha tatizo ni kulegea kwa maadili, hasa ya wanawake. Serikali iliweka sheria za kuwalazimisha watu kupimwa na kutibiwa, na wanawake walipimwa kwa namna iliyowadhalilisha. Watu wa Buganda walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Madaktari wa baadaye walionyesha kwamba wengi waliohesabiwa kuwa na kaswende walikuwa na buba, ugonjwa wa ngozi unaowapata hasa watoto, usioambukizwa kwa zinaa kamwe. Maelfu ya watu walikuwa wamehukumiwa mioyoni mwa wamisionari kwa dhambi ambayo hawakuitenda.

Tena, katika kusifu elimu mpya, wakunga wa jadi walidharauliwa kupita kiasi. Yalikuwamo makosa ya hatari katika baadhi ya desturi, lakini ujuzi nao ulikuwamo. Mwaka 1879 Robert Felkin, aliyekuwa amekuja Uganda na misheni hiyo hiyo ya CMS, alishuhudia huko Bunyoro mganga wa kienyeji akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mganga alitumia pombe ya ndizi kumlewesha mama na kusafisha mikono na tumbo, na chuma cha moto kuzuia damu. Mama na mtoto wakapona. Felkin aliyachapisha aliyoyaona mwaka 1884, na madaktari wa Ulaya walishangaa. Ni wazi kwamba wageni hawakuikuta nchi isiyojua lolote.

Mambo haya hayafuti kazi ya Katharine, bali yanaonyesha hatari inayomkabili kila mtumishi. Anayeanza kwa kumhurumia mgonjwa anaweza kuishia kumhukumu. Inafaa pia kukumbuka kwamba waliopunguza makali ya hukumu hiyo walikuwa ni wale mabinti wenyewe. Wao walizijua nyumba walizoingia na kuielewa aibu ya mama aliyelala mbele yao. Wageni waliwapa elimu, na wao wakaivika heshima ya kwao.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1931 shule ya wauguzi ilianzishwa rasmi Mengo, pamoja na ile ya wakunga. Mwaka 1932 Albert Cook alipewa na Mfalme wa Uingereza heshima ya kuitwa Sir, na Katharine akaitwa Lady Cook. Katika miaka ya 1930 walipumzika kazi ya kila siku, lakini hawakurudi Uingereza kustarehe. Walibaki Uganda, katika nyumba yao ya kilima cha Makindye.

Lady Katharine Cook alifariki mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano hivi. Tangu alipoingia Mengo kwa miguu mwaka 1897 ilikuwa imepita miaka arobaini na mmoja. Mtoto mdogo aliyewekwa kuwa Kabaka katika mwaka ule wa fujo, Daudi Chwa, alikuwa sasa mtu mzima wa zaidi ya miaka arobaini, naye alifariki mwaka uliofuata. Sir Albert aliishi hadi mwaka 1951, akazikwa Namirembe.

Urithi wake

Hospitali ya Mengo ingali ikihudumia watu, na wauguzi na wakunga wangali wakifundishwa hapo. Lakini urithi ulio mkubwa zaidi hauwezi kuonyeshwa kwa jengo. Uko katika mawazo ya watu. Mzazi wa leo wa Nangwa au Katesh anayefurahi binti yake anapochaguliwa kwenda chuo cha uuguzi hajui pengine kwamba mzazi wa Buganda wa mwaka 1920 aliliona jambo hilo hilo kuwa msiba. Badiliko hilo halikuja lenyewe. Lililetwa na wasichana waliokubali kusemwa, na muuguzi aliyesimama nyuma yao.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania nalo lina deni lake kwa Buganda. Kule Buhaya, Injili ilianza kusomwa katika vitabu vya Kiganda na Wahaya wenyewe, kabla ya wamisionari wa Betheli kufika mwaka 1910. Makanisa ya Afrika ya Mashariki yamekuwa yakipokezana zawadi tangu mwanzo, bila kuuliza sana jina la dhehebu, na mfano wa Katharine Cook ni mojawapo ya zawadi hizo.

Usharika unapohesabu miaka mia moja, ni kawaida kuyataja majengo yaliyojengwa, wachungaji waliohudumu na watu waliobatizwa. Inafaa pia kuhesabu vijana waliolelewa: wangapi walifundishwa kazi ya kuwatumikia wenzao, na wangapi waliendelea kutembelewa na kutiwa moyo baada ya kutumwa mbali. Muuguzi yule wa Mengo asingeweza kuzalisha watoto wote wa Uganda kwa mikono yake. Aliwafundisha wengine, akawatuma, kisha akawafuata huko walikokuwa kuona kama wana afya na kama wana dawa za kutosha.

Majina ya wengi wa wakunga wale wa kwanza hayajulikani leo isipokuwa kwa wajukuu zao. Wapo watoto wa Buganda waliopokelewa nao gizani, kwa mwanga wa taa ndogo, wakakua, wakazaa, nao wamekwisha kuwa wazee na kulala. Mungu aliyeyahifadhi majina ya Shifra na Pua anayajua na majina yao.